Maziwa ya Wopke na Miguu ya Douwe

Kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, Wopke Hoitsma aliingia jikoni na jagi la maziwa. Maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Aliyamimina kwenye bilauri, akanywa, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Baba yake na babu yake walikunywa hivyo hivyo, katika nyumba ile ile ya matofali huko Friesland, jimbo la wafugaji wa ng'ombe.

Mkwewe Nynke alikuwa na desturi nyingine. Yeye aliyachemsha maziwa kwanza.

"Mkwe," Wopke alimwambia, "unawapika ng'ombe wangu supu?"

"Nachemsha tu, baba. Mtoto atakunywa."

"Maziwa ya kuchemsha ni maji ya kufulia nguo!" Wopke akamgeukia mwanawe, Douwe. "Na wewe je? Umeoa mjini, sasa unakunywa vya mjini?"

Douwe alicheka, lakini hakupenda kuchekwa na baba yake. Alichukua bilauri ya maziwa mabichi akaimaliza yote. Mama yake, Froukje, alikuwa akikata mkate. Hakusema kitu.

Uani palikuwa na mashine ya kuuzia maziwa. Majirani walikuja na chupa zao wakajaza wenyewe. Juu ya mashine palikuwa na kibao: "Maziwa mabichi. Chemsha kabla ya kunywa." Sheria ilitaka kibao hicho. Wopke alikiona kama tusi kwa ng'ombe wake, akatundika koti kuukuu juu yake.

Majani yalipoanza kudondoka, Douwe alishikwa na tumbo. Alihara, akapata homa, na choo chake kilikuwa na damu kidogo. Aliona haya kwenda kwa daktari kueleza mambo ya choo. Baada ya siku chache akapona, wakasahau.

Kisha vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Alihisi kama anachomwachomwa na sindano. Siku iliyofuata alianguka zizini akiwa na ndoo mkononi.

"Jana ulikunywa bia ngapi?" Wopke alimtania.

"Sijanywa, baba. Miguu haina nguvu."

"Miguu ya mjini hiyo. Inuka bwana, kazi inangoja."

Douwe alijaribu kuinuka, akashindwa. Alimtazama baba yake kutoka sakafuni, na hapo Wopke akaacha kutania.

Gari la wagonjwa lilimchukua hadi hospitali ya Leeuwarden. Wopke alikwenda naye. Nynke alibaki kwanza kutafuta mtu wa kumwachia mtoto.

Daktari alikuwa mama wa makamo, jina lake Terpstra. Aligonga goti la Douwe kwa nyundo ndogo. Mguu haukuruka. Akagonga lingine. Kimya.

"Hivi karibuni ulihara?" aliuliza.

Douwe aliinamisha macho. "Ndiyo. Kama wiki mbili zilizopita."

"Ulikula kuku ambaye hakuiva vizuri? Ulikunywa maziwa yasiyochemshwa?"

Wopke alihisi uso unawaka. Kabla mwanawe hajafungua mdomo, akadakia: "Kwetu tunachemsha maziwa, daktari. Siku zote."

Daktari alimtazama Douwe. "Ni kweli?"

Douwe alimwangalia baba yake, kisha akaangalia ukuta. "Ni kweli," alisema. "Tunachemsha."

Wopke alitoka akasimama kwenye korido. Udhaifu ulikuwa umefika hadi mikononi; mwanawe alikuwa hawezi hata kukunja ngumi, na bado alikuwa amemfichia aibu yake.

Jioni ile pumzi za Douwe zilidhoofika, akahamishiwa wodi ya wagonjwa mahututi. Nynke alikuwa amefika. Daktari aliwaketisha yeye na Wopke.

"Huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu," alisema. "Unaitwa Guillain-Barré. Mara nyingi huanza baada ya bakteria kuingia tumboni."

"Lakini tumbo lilipona," alisema Nynke.

"Lilipona kwa sababu mwili ulipigana. Mwili hutengeneza askari wa kuwashambulia bakteria. Askari hao humtambua adui kwa sura yake. Sasa, kuna bakteria mmoja ambaye ngozi yake ya nje inafanana na ngozi ya mishipa yetu ya fahamu. Kwa hiyo askari wakishamaliza bakteria, wanaona mishipa na kudhani ni adui yule yule. Wanaishambulia. Mishipa ikiumia, misuli haipati amri ya kufanya kazi."

"Mtoto wetu ataambukizwa?"

"Hapana, ugonjwa huu wa mishipa hauambukizi. Na wengi wanaohara hivi hupona bila shida yoyote. Ni wachache sana wanaopata haya. Tunampa dawa ya kuwatuliza askari hao, na tunachunga pumzi zake. Wengi hupona, ila polepole. Tumepeleka choo chake maabara. Ningependa sana kujua bakteria walitoka wapi."

Wopke alitazama viatu vyake.

Kesho yake alikuwa uani. Jirani yao, Bi Hiltje, mjane wa mwalimu, alikuja na chupa yake. Alikuwa amepauka.

"Pole na mgonjwa," alisema. "Mimi mwenyewe tumbo limenisumbua juzi na jana, nimekimbilia chooni mpaka nimechoka. Nikasema, acha nikachukue maziwa ya Wopke, yatanirudishia nguvu."

Wopke aliitazama ile chupa. Angeweza kumwambia pale pale. Badala yake alisema, "Leo mashine ni mbovu."

Bi Hiltje aliondoka na chupa tupu. Froukje alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Mashine imeharibika lini?" aliuliza.

Wopke alichukua ufagio akaanza kufagia.

"Nimekaa kimya jikoni miaka yote hii, na ninajuta," alisema Froukje. "Lakini wewe unamwona mwenzako anaumwa, na bado unajali jina lako! Nynke ameniambia daktari anatafuta bakteria walikotoka. Twende hospitali. Usiposema wewe, nitasema mimi."

Wopke alisema mwenyewe. Alisimama mbele ya daktari na Nynke, kofia mkononi. "Nilidanganya. Hatuchemshi. Mwanangu alidanganya kwa ajili yangu. Na watu wananunua maziwa hayo kwangu."

Nynke aligeuza uso akalia.

"Maabara imewaona bakteria," alisema daktari. "Sikukuuliza ili nikuaibishe, mzee. Nilikuuliza kwa sababu ya hao wengine. Funga mashine leo hii."

"Lakini ng'ombe wangu ni wazima! Zizi langu ni safi!"

"Naamini. Bakteria hawa hukaa tumboni mwa ng'ombe mzima kabisa. Chembe ndogo ya kinyesi ikigusa maziwa, basi. Huwaoni, na maziwa hayabadiliki ladha. Moto tu ndio unaowaua. Yaache yachemke kweli kweli. Na kuku aive mpaka ndani, asiachwe mwekundu kwenye mfupa. Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate saladi kabla hakijaoshwa. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni. Na mtu akihara damu, asione haya. Aje atuambie."

Maofisa wa afya walikuja wakachukua maziwa ya kupima. Bakteria walikuwamo. Wopke alilitoa koti pale juu ya mashine akalichoma. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba kwa kila mnunuzi. Wengine walimshukuru. Bi Hiltje alimsikiliza mlangoni.

"Siku ile nilipokuja na chupa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia mashine ni mbovu."

"Ndiyo."

Bi Hiltje alifunga mlango taratibu. Wopke alishuka barazani akaelekea nyumba iliyofuata.

Douwe alikaa hospitali majira yote ya baridi. Kwanza vidole vilicheza, kisha akaweza kushika kijiko, kisha akajifunza kusimama kama mtoto mdogo. Nyumbani sufuria ilikaa jikoni kila asubuhi, na Wopke mwenyewe ndiye aliyeingoja ichemke. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeugua kutokana na maziwa yao.

Majira ya kuchipua yalipofika, ng'ombe waliokaa zizini baridi yote walifunguliwa kwenda malishoni. Siku hiyo watu huja na watoto wao kuwatazama wanavyorukaruka kwa furaha. Douwe alikuwepo, akiegemea fimbo. Baba mmoja mgeni alimuuliza Wopke, "Kijana amepata ajali?"

Douwe aliangalia malishoni, kama asiyesikia.

"Si ajali," alisema Wopke. Aliipandisha sauti ili na wengine wasikie. "Ni maziwa yangu. Nilimcheka mpaka akayanywa bila kuchemshwa. Daktari alipouliza, nikadanganya, na mwanangu akadanganya ili mimi nisiaibike."

Watu waligeuka kumtazama. Wopke alitamani ardhi immeze. Kisha akahisi mkono wa Douwe, bado dhaifu, ukishika mkono wake.

"Twende karibu zaidi, baba," alisema Douwe. "Nataka kuwaona vizuri. Tutembee polepole."