Nilimwambia Akaze Meno

Kila jioni nikiwa nashona, binti yangu huketi kando ya cherehani na madaftari yake. Nyumbani tunamwita Redio, maana mdomo wake hauzimwi. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, nami kila nikimtupia jicho nilimwambia, "Kaza meno, mwanangu. Kaza meno!"

Wiki ya pili Redio akanyamaza. Chakula akawa anakidonoadonoa tu, halafu anasogeza sahani.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na sahani imejaa?"

"Redio imeisha betri!" mdogo wake akamcheka. Hakumjibu, wala hakumrushia kandambili. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Asubuhi moja nikampa uji, kijiko kikagoma kuingia. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu, na mashavu yalikuwa yamevimba pembeni. Nikajua ni matubwitubwi. Nikamfunga kitambaa kuanzia utosini hadi kidevuni, nikakikaza barabara, tukaenda hospitali. Kumbe nilikuwa naongeza balaa.

Daktari wa meno alikifungua kile kitambaa kwanza. Akamulika mdomoni, hakuona jino bovu wala uvimbe wa matubwitubwi. Akamwambia, "Uma meno." Kisha akaniita, "Mama, hebu shika hapa shavuni."

Nikashika. Msuli ulikuwa mgumu kama kisigino.

"Sasa fumba midomo, ila meno yaachane kidogo." Msuli ukalegea chini ya vidole vyangu. "Sukuma taya mbele." Ukakaza tena.

Daktari akamuuliza taratibu, "Ukisoma, taya lako huwa limekaaje?"

Redio akaniangalia, akainamisha macho. "Nang'ata penseli, taya natoa mbele. Mama alisema nikaze meno. Nikilegeza, naona kama sina bidii."

"Na maumivu yameanza lini?"

"Siku nyingi. Niliogopa mama atasema nakwepa mtihani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto wangu alikuwa ameumia kwa kunitii!

"Msuli wa kutafuna nao huchoka," daktari alisema. "Meno hukutana wakati wa kula, muda mwingine taya lipumzike. Na wewe binti, ukiumwa sema. Kuficha maumivu si bidii."

Akatushauri vyakula laini, kitambaa cha maji ya vuguvugu, na penseli ikae mkononi. Baada ya wiki mbili Redio alimkaripia mdogo wake mpaka majirani wakasikia. Nilifurahi kama nimesikia taarabu.

Wazazi wenzangu, tuangalie maneno yetu. Sisi tunasema kwa mazoea, mtoto anashika kama yalivyo.

Siku ya mtihani alinikuta kwenye cherehani. Nikamwambia, "Legeza meno, mwanangu."

Akanitazama, akacheka mdomo wazi. "Na wewe, mama!"

Kweli, nilikuwa nimeng'ata pini tatu, taya limekaza kama kufuli. Nikazitoa, nikazichomeka kwenye kitambaa, ndipo nikambusu.