Watu Kumi na Mmoja Nyumbani kwa Susu Kalekye

Mtito Andei haijawahi kuwa mji wa kimya. Hata mwezi ule wa nne wa mwaka wa 2020, makanisa yakiwa yamefungwa na watu wakikwepana njiani, malori ya Mombasa yaliendelea kuingia, na madereva wakapanga foleni penye kituo cha mafuta ili wapimwe joto kabla ya kuruhusiwa kununua hata kikombe cha chai. Alhamisi moja asubuhi, katikati ya madereva hao, alisimama mwanamke mmoja tu. Aliitwa Katunge. Alikuwa fundi wa nguo, umri wake miaka thelathini na sita, hajaolewa, na alikuwa amekuja kuchukua bunda la vitambaa lililoletwa na lori kutoka Nairobi. Alivaa gauni la kijani, kitambaa cheupe kichwani, na barakoa ya zambarau aliyojishonea.

Mhudumu wa afya, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega, alimwelekezea kipima joto kwenye paji la uso. Akasoma. Akasoma tena.

"Sista, kuna shida."

"Shida gani?"

"Hii mashine inasema uko na thelathini na moja. Kwa vile tulifundishwa, mtu wa thelathini na moja ameshazikwa."

Kicheko kilimtoka Katunge kabla hajakizuia, akashtuka kukisikia. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alicheka na mtu.

"Basi pima tena," akasema, "kabla hujaita watu wa kuchimba kaburi."

"Thelathini na sita na nusu. Umefufuka." Akamtazama vizuri. "Hiyo maski umenunua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe. Ni kitambaa kilibaki kwa sare za kwaya."

"Nishonee mbili. Hizi tunapewa zinatukata masikio. Naitwa Musyimi."

Katunge alimpa namba ya simu mbele ya madereva kumi, na hakuona haya. Alijistaajabia njia nzima.

Wazazi wa Katunge walikuwa wamekufa zamani, naye aliishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya duka lake la ushonaji. Kanisa ndilo lililokuwa ukoo wake. Jumanne mazoezi ya kwaya, Alhamisi ushirika wa akina mama, Jumapili ibada na baada ya ibada chai kwa huyu au kwa yule. Yote hayo yalikoma kwa tangazo moja. Pasta alituma mahubiri kwa simu. Jumapili ya kwanza Katunge aliiweka simu juu ya cherehani, akasimama wima kuimba kama kawaida, akafika ubeti wa pili, akaisikia sauti yake ilivyo peke yake chumbani, akaketi.

Musyimi alikuja kuzichukua barakoa zake Jumamosi. Katunge alimpakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akampa kiti mlangoni, yeye akabaki ndani nyuma ya cherehani, kila mmoja na sahani yake. Musyimi alipovua barakoa ili ale, Katunge aliona mwanya katika meno ya juu na kidevu kilichonyolewa vizuri.

"Nilifikiri uko na ndevu," akasema.

"Mimi nilifikiri wewe ni mtu mkali. Huo mdomo haujui kukasirika."

"Utaona."

Baada ya siku hiyo Musyimi alipiga simu kila saa saba mchana, foleni ikipungua, na tena jioni.

"Umekula nini, mpenzi?" Neno hilo alilianza wiki ya pili, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Muthokoi."

"Na jana?"

"Muthokoi. Mtu mmoja akipika, anakula siku tatu."

"Hii kitu ikiisha nitakuja tumalize hiyo sufuria siku moja. Katunge, mimi natoka Kitui, hapa sijui mtu. Siku nzima napima watu, na hakuna mmoja anataka nimkaribie. Wakiniona na hili koti wanavuka barabara."

"Mimi sitavuka."

"Hebu sema tena."

"Nimesema sitavuka. Usinifanye nirudie kama mtoto wa shule."

Katika mwezi wa tano, Susu Kalekye alimtumia Katunge ujumbe kupitia kwa binti yake Wavinya. Susu Kalekye, kama wote walivyomwita bibi huyo kwa Kikamba, alikuwa na miaka sabini na mmoja, alikuwa ameanzisha kwaya ile kabla wengi wao hawajazaliwa, na nyumba yake ilikuwa nje ya mji, mbali na barabara. Alisema amechoka kumwabudu Mungu kwa simu. Waje wachache Jumapili, waombe, warudi makwao. Mzee Ndululu, mzee wa kanisa aliyekuwa na hoteli pale penye malori, angeongoza neno.

Walikuwa watu kumi na mmoja. Walifunga madirisha ili majirani wasisikie, wakavua barakoa kwa sababu Susu alisema haoni nyuso, wakaimba kwa sauti ya chini. Katunge alilia tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Susu Kalekye alimshika mkono kwa viganja vyote viwili, na ulikuwa mkono wa kwanza kumgusa kwa wiki nane.

Jioni hiyo furaha ilimshinda kuificha.

"Leo nimeimba," akamwambia Musyimi. "Na watu. Kwa Susu Kalekye. Usiambie mtu."

Musyimi akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja." Akawataja mmoja mmoja, akianza na Mzee Ndululu aliyeongoza neno.

"Ndani ya nyumba?"

"Sasa tungeimba kwa mti? Usinigombeze, nimefurahi."

"Sikugombezi. Nimefurahi umefurahi." Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

Siku tatu baadaye dereva mmoja wa lori alipatikana na korona, na alikuwa amekula mara mbili kwa Mzee Ndululu. Jumamosi alasiri gari jeupe lilisimama mbele ya duka la Katunge. Walishuka watu wawili waliovaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, kama wafugaji wa nyuki. Mmoja alilisoma jina la Katunge kwenye karatasi. Majirani walitoka kutazama, kila mmoja kwa umbali wake. Katunge aliruhusiwa kubeba mfuko mmoja. Alipopanda aliwakuta wengine wameshaketi. Karatasi ile ilikuwa na majina yote kumi na moja.

Waliwekwa katika bweni la shule iliyofungwa, kila mtu chumba chake, kwa siku kumi na nne. Kufikia jioni walikuwa wameshajua.

"Ni yule daktari wako," Wavinya alisema, akiwa amesimama kwenye korido, amejifunga kanga mabegani. "Nani mwingine alijua? Tulikuita ndani ya nyumba ya mama yangu, Katunge. Ukaenda ukatuuza."

"Wavinya, mimi sikujua kama ata—"

"Lakini ulimwambia?"

Katunge hakuweza kusema uongo. Wavinya aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, na baada ya hapo hakuna aliyemsemesha Katunge. Asubuhi walifungua milango, kila mtu akasimama kwenye kizingiti chake, wakaomba pamoja kwa sauti. Alipofungua wa kwake siku ya pili, maombi yalikatika. Siku ya tatu aliuacha umefungwa, akasikiliza akiwa amekaa sakafuni.

Musyimi alipiga. Hakushika. Alipiga mara kumi na saba siku moja. Akatuma ujumbe: *Naomba uniruhusu nieleze.* Katunge aliusoma akafikiria mambo yote tangu mwanzo: namba ya simu, kiti cha mlangoni, maswali ya kila jioni, umekula nini, umeenda wapi, ulikuwa na nani. Akaona kwamba mtu mpweke ni rahisi kuchunguzwa. Humpi kitu, unamuuliza tu habari zake, naye anakupa zote. Akalifuta jina lake kwenye simu.

Vipimo viliporudi, watu wawili walikuwa na ugonjwa: Mzee Ndululu na Susu Kalekye. Walipelekwa hospitali. Ndululu alirudi. Susu Kalekye alikaa siku tisa, akafia huko.

Walimzika asubuhi mapema, watu wasiozidi kumi na watano, na wenye nguo nyeupe ndio walioshusha jeneza. Katunge alisimama nje ya ua, karibu na barabara. Wavinya alimwona, akageuza uso. Hakukuwa na wimbo. Mwanamke aliyewafundisha watu kuimba kwa miaka arobaini aliteremshwa kimya, na mchanga ukamwagwa haraka. Wazishi walipovua vifuniko vya uso kando ya gari, Katunge aliona kwamba mmoja wao alikuwa Musyimi. Alikuwa amekonda. Hakumsogelea, alisimama tu, akainamisha kichwa. Katunge alitembea mpaka nyumbani bila kugeuka.

Mwezi wa saba makanisa yalifunguliwa kwa masharti: watu mia moja, saa moja tu, wazee wabaki nyumbani. Katunge alipiga pasi gauni lake la kijani. Mlangoni mwa kanisa, dada wa usajili aliyemfahamu tangu shule ya Jumapili alipitisha kidole kwenye orodha, akakipitisha tena.

"Nafasi zimejaa, sista."

Ilikuwa saa mbili kasoro. Nyuma ya yule dada, viti vilikuwa vitupu. Katunge alisema asante, akarudi nyumbani, akavua gauni, akalikunja.

Wiki mbili baadaye, Mzee Ndululu aliingia dukani na suruali ya kupunguzwa kiuno. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya nusu ya mwili wake. Katunge alipima, akaandika, akangoja atoke. Hakutoka.

"Katunge mwanangu," akasema. "Kuna kitu kinaninyima usingizi. Yule kijana wa afya alikuja kwangu kabla ya lile gari. Alikuja mara tatu, siku tatu mfululizo. Aliniuliza, Mzee, Jumapili ulikuwa na nani? Nikasema niko na mke wangu tu. Ya pili nikasema hivyo. Ya tatu alinipigia magoti, pale jikoni kwangu, karibu na sufuria. Akasema, Mzee, najua kuna mama wa miaka sabini. Taja wewe mwenyewe, tafadhali, kwa sababu nikitaja mimi, kuna mtu ataumia. Nikamwambia mimi nimeokoka, sisemi uongo."

Katunge alikuwa ameishika tepu ya kupimia kwa mikono yote miwili.

"Siku hizo tatu," akasema polepole. "Susu angefika hospitali siku tatu mapema."

"Ndiyo." Machozi yalimteremka mzee yule mpaka kwenye barakoa.

"Utasema haya kanisani?"

Ndululu alifuta macho kwa mkono wa shati. "Niombee," akasema, akatoka, akisahau suruali yake.

Katunge hakuwa na namba tena. Alienda mpaka kituo cha mafuta, akaambiwa kazi ya Musyimi ilikuwa ya mkataba na imeisha. Alikuwa amepata kazi katika zahanati ya misheni huko Tseikuru, mwisho wa Kitui kabisa. Mlinzi ndiye aliyempa namba. Katunge alipiga akiwa bado amesimama pale, malori yakinguruma pande zote.

"Ni mimi," akasema.

Alimsikia Musyimi akitoka nje, mbali na watu. Kisha, "Umekula?"

Katunge akalia hapo barabarani, mchana kweupe, na madereva wakajifanya hawaoni.

Alikuja Jumamosi, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Waliketi dukani, safari hii meza moja.

"Ndululu ameniambia," Katunge alisema. "Lakini bado nina neno na wewe. Kwa nini hukunipigia? Nikapandishwa kwa gari kama mwizi, majirani wakitazama. Ungeniambia tu, Katunge, wanakuja."

"Ungewaonya."

Alitaka kukataa. "Ndiyo," akasema. "Ningewaonya. Susu angeenda kujificha kwa dada yake."

"Hilo ndilo niliogopa. Lakini nilikosea. Ningekuja mwenyewe, nisimame mlangoni kwako, unitukane uso kwa uso. Nilituma watu kwa sababu niliogopa kukuona ukinichukia. Hiyo haikuwa kazi, ilikuwa woga wangu. Nisamehe."

"Uliniuliza maswali kila siku, Musyimi. Nilifikiri kila swali lilikuwa la karatasi."

"Lile moja tu, la mlikuwa wangapi. Hayo mengine nilikuwa nataka kujua."

Nje, kengele ya mbuzi ilipita. Katunge alimwongezea chai bila kuulizwa.

"Hapa hawatanisamehe," akasema. "Ndululu hatasema. Wavinya hatanisalimia. Hata nikingoja."

"Sikuja kukuambia watabadilika. Nimekuja kukuomba tuoane. Tseikuru ni jua na mbuzi, maji ni ya kutafuta. Sina kitu kizuri cha kukudanganya nacho."

"Nipe siku mbili."

Alimpa jibu kesho yake.

Walioana Disemba, mbele ya pasta yule yule, watu kumi na wawili wakihudhuria. Mzee Ndululu alikuja, akakaa kiti cha nyuma. Wavinya hakuja. Kwaya haikuimba, na Katunge alipotembea kuelekea madhabahuni alisikia viatu vyake tu. Hilo lilimuuma siku ya harusi, na lilimuuma bado walipofunga cherehani kwa kamba juu ya gari na kuuacha mji aliokuwa ameimba ndani yake miaka ishirini.

Jumapili ya kwanza huko Tseikuru walikwenda kwenye kanisa dogo la mabati, watu wasiofika arobaini, madirisha yote wazi, kila mtu na barakoa yake. Hakuna aliyewafahamu. Mwanzoni mwa ibada mwenye kuongoza aliomba wageni wasimame wawasalimie watu. Musyimi alimtazama mke wake, akangoja. Katunge alisimama, akashika kiti kilicho mbele yake.

"Bwana asifiwe," akasema. "Naitwa Katunge. Mimi ni fundi wa nguo, natoka Mtito Andei. Yesu ni mwokozi wangu. Lakini mimi si mgeni. Nimekuja kukaa."

"Karibu," watu wakajibu kwa pamoja, na mama mmoja aliyekuwa pembeni akasogeza mkoba wake ili kiti kiwe wazi.