Milioni Moja na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani Kisongo, Resiato alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe, akanawa, akavaa sare na kuondoka. Alhamisi hiyo alitembea kifua mbele. Mwalimu Agnela angemchagua mwanafunzi mmoja wa darasa la saba kwenda mashindano ya hesabu ya wilaya, na Resiato aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Zamu yake ya kuonyesha kazi yake ilipofika, aliandika ubaoni: 1,000,001.

"Hii ni namba tasa," alisema. "Nimeigawanya kwa kila namba tasa mpaka elfu moja. Zote zimeacha baki. Kupita hapo hakuna haja, maana namba mbili zinazozidi elfu moja ukizizidisha, unaipita hii."

Darasa likapiga makofi. Kumbe aliishia tisini na saba, mahali ambapo orodha ya namba tasa ya kitabuni ilikoma.

Rodrick, kijana wa Lemara aliyekuwa akiitaka nafasi ileile, akainua mkono. "Dada wa Kisongo, kwa mia moja na moja ilibaki ngapi?"

Resiato akajibu haraka: "Tatu."

Rodrick akaenda ubaoni, akagawanya polepole. Jibu: 9,901. Baki: sifuri.

Resiato alipitia tarakimu moja moja akitafuta kosa, asilione.

"Hiyo tatu imeshuka na ndege pale uwanja wa Kisongo," mtu akanong'ona nyuma. Kicheko kikazagaa.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu. "Resiato?"

"Niliishia tisini na saba, Mwalimu. Tatu nimeibuni."

"Mpaka tisini na saba uligawanya kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi tuambie, 9,901 ni namba ya aina gani?"

Resiato akaikodolea macho. "Kinachoigawa hii kingeigawa na ile kubwa," alisema taratibu. "Mpaka tisini na saba hakuna. Inayofuata ni mia moja na moja, na hiyo mara yenyewe inazidi 9,901." Akashika mdomo. "Mwalimu, hii ndiyo tasa."

Darasa zima lilipigwa na butwaa, Rodrick akiwa wa kwanza.

"Umeithibitisha kwa kazi uliyoifanya kweli," alisema Mwalimu Agnela. "Rodrick ndiye atakayekwenda wilayani, nawe utamsaidia kujiandaa. Mkumbuke, wanangu: ukiishia njiani, sema umeishia wapi, mwenzako aendelee kutoka hapo. Ile tatu ingempeleka nani wapi?"