Taa ya Marehemu Perumal

Thavash, rafiki yangu wa hapa Durban, si mtu wa kuzua mambo. Mjane wa jirani yake Perumal alimtuma akawalishe samaki wa marehemu.

"Gonga kioo cha tangi mara tatu, mwanangu. Ndivyo alivyowazoesha."

"Hao wanajidai kweli, anti!"

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Perumal hakutaka jua liguse tangi lake. Matumbawe yake yaliishi kwa taa ya buluu ya LED.

Ghafla mgao wa umeme ukaanza. Pampu zikanyamaza. Taa ya buluu ikabaki inawaka. Thavash akachomoa waya wake ukutani. Bado inawaka.

Ndipo kioo kikagongwa upande wa pili, mara tatu. Samaki wote wakampa mgongo, wakakimbilia huko.

Kopo la chakula lilikuwa mkononi mwake, halijafunguliwa. Samaki walikuwa wanatafuna.