Mayai ya Magreth na Waya wa Chuma

Kila asubuhi Magreth wa Goweko hufagia uwanja, hupika uji, kisha huenda bani. Bani ni banda la udongo la kukaushia tumbaku. Hujengwa mbali na nyumba kwa kuogopa moto. Siku hizi ndani ya bani lake kuna mashine ya kutotolea vifaranga. Mayai yote ni ya akina mama wa kwaya. Wamemwamini.

Leo aligusa mashine, moyo ukamlipuka.

"Baba Sayi! Imepoa tena! Mayai yakifa nitaweka wapi uso wangu?"

Zablon, mumewe, alikuja mbio. "Ni betri hiyo. Imechoka."

Betri! Watu wetu bwana, kila kosa husingiziwa betri. Betri ya sola ilikuwa nyumbani. Kutoka hapo hadi bani, Zablon alikuwa amevuta waya wa chuma, ule wa kufungia fito za tumbaku. Aliupenda kwa sababu haukatiki.

Magreth alimkimbilia Hafsa, jirani yao, fundi sola.

"Shikamoo, mama Sayi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo upesi, nimekwisha!"

Hafsa alipima mashine ikiwa inawaka. Kwenye betri, volti kumi na mbili. Kwenye mashine, sita tu.

"Nyingine zimekwenda wapi?" Zablon aliuliza.

"Zimepotelea kwenye waya, baba. Kila metali ina namba yake ya ukinzani. Ya chuma ni 0.1. Zidisha kwa urefu. Kutoka nyumbani ni mita thelathini, lakini umeme huenda na kurudi, basi ni sitini. Gawa kwa unene wa waya, milimita mraba mbili. Unapata ukinzani wa omu tatu. Mashine inavuta ampea mbili; zidisha hizo kwa omu, upate volti zinazopotea. Tatu mara mbili?"

"Sita! Mama yangu! Na waya wa shaba?"

"Namba yake ni 0.017 tu. Ukiwa na unene wa milimita mraba nne, itapotea kama nusu volti."

"Mnahesabu, na mayai yanapoa!" Magreth alifoka.

Alikuwa na haki. Walibeba betri hadi bani, waya ukawa mfupi, joto likarudi. Kesho yake Zablon alirudisha betri nyumbani kwenye sola, akavuta waya mnene wa shaba.

Hata hivyo Magreth hakutulia. Kila siku alitega sikio kwenye mayai. Kimya. Alisali, akatega tena.

Asubuhi moja alisikia mlio mdogo ndani ya ganda. Kisha mwingine. Alilia kwa furaha, akakimbilia kwenye kwaya ikiwa katikati ya wimbo.

"Njooni," alisema akihema. "Njooni muwasikie vifaranga wenu."