Jina Alilopewa Mbwa

Wakoli alisimama ukingoni mwa ziwa akaita, "Khaemba!" Mbwa akaja mbio, akaketi miguuni pake. Hapo hapakuwa na ajabu. Ajabu, ambayo mkewe Nangila aliiona kutoka barazani, ni kwamba mbwa alikuwa ameshafika na matete bado yalikuwa yanapisha njia, polepole, kama kwamba kuna mwingine aliyesikia akiitwa na hana haraka.

Kisha matete yakatulia. Upepo ukaleta harufu ya tope na ya pombe ya busaa iliyochacha.

"Umeona?" Nangila akauliza.

"Nimeona mandhari," Wakoli akajibu. "Si ndiyo tuliyofuata?"

Lilikuwa ziwa kwa cheo tu. Walowezi waliolichimba nje ya Kitale waliliita bwawa, wakulima wakaliita bwawa, na ng'ombe wakalinywa kama bwawa, mpaka wakubwa fulani walipoketi kwenye semina wakalipandisha daraja. Wakalisimikia bango: Ziwa Simatwa, marufuku kuoga, marufuku kuvua, marufuku kuosha magari, kwa amri. Wakoli alikuwa miongoni mwa walioketi, mgeni mwalikwa kutoka Bungoma. Huko alikuwa naibu mkurugenzi msaidizi wa itifaki katika ofisi moja, cheo kirefu kuliko kazi yenyewe. Kwa jinsi Nangila alivyoelewa, kazi ilikuwa kusimama nyuma ya wakubwa akiwashikia mwavuli. Sasa alikuwa amemleta mkewe apumzike kabla ya kujifungua, na mbwa pia, kwa sababu alikuwa ameona kwenye simu kwamba watu wa maana huenda likizo na mbwa.

Khaemba wa kwanza hakuwa mbwa. Alikuwa baba yake mdogo Wakoli, mtu wa Kabuchai aliyekuja kukata matete kwenye bwawa hilihili, akapenda busaa kupita kiasi, na jioni moja akaingia majini asitoke. Mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo walitaka kufanya kama ifanywavyo: kukata mgomba, kuuzika badala ya mwili ili marehemu awe na kaburi, kisha jina lake apewe mtoto atakayezaliwa. Wakamngoja Wakoli, msomi wao, aseme neno. Naye akalisema. Bila mwili hakuna barua ya daktari, bila barua hakuna kibali cha mazishi, na bila kibali hakuna marehemu. "Serikali haitambui mgomba," aliwaambia. Kwa hiyo Khaemba hakufa. Alikuwa tu hayupo kazini.

Mama yake Wakoli, Rispah, alipozidi kumsumbua kuhusu jina, Wakoli alinunua mbwa mdogo akampa hilo jina. "Mlitaka liitwe," alisema. "Litaitwa asubuhi na jioni." Alicheka peke yake. Rispah alitema mate pembeni. "Mtu akisikia jina lake anakuja, mwanangu," alisema. "Halafu akifika utamwambia nini?"

Mwenye vyumba vya wageni, mama mmoja wa makamo aitwaye Wacera, aliwaletea chai barazani.

"Mkubwa, mbwa yako ni mzuri. Anaitwa nani?"

Wakoli akamwambia. Wacera akaweka chupa ya chai chini kama iliyomchoma.

"Hiyo jina hapa hatuitangi, bana. Nilikuwa na mtu ya kukata matete, alikuwa anaitwa hivyo. Alipotelea hapo tu."

"Namjua. Alikuwa baba yangu mdogo."

"Ati? Na ukawekea mbwa?"

"Mama, kwenye bango lenu sijaona kwamba ni marufuku kumwita mbwa."

"Bango iliandikwa na watu wa kulala Kitale. Si wa kulala hapa. Kuna jini kwa hiyo maji, mkubwa."

"Majini ni ya Mombasa," Wakoli akasema akijimiminia chai. "Huku tuna malaria na siasa."

Wacera alimtazama kama mtu anayetazama ndoo iliyotoboka, kisha akamgeukia Nangila. "Mama, wewe na hiyo tumbo, usikaribie maji. Huyu mwache."

Giza lilipoanza kuingia Nangila alimwekea mbwa ugali na mchuzi kwenye sahani ya bati. Mbwa hakuugusa. Alirudi nyuma mpaka ukutani, mkia katikati ya miguu. Nangila akaingia ndani kuchukua maji, na alipotoka ugali ulikuwa umeliwa, ila haukuwa umeliwa na mbwa. Ulikuwa umemegwa. Tonge moja lilikuwa limebaki kando ya sahani, limefinyangwa vizuri, na katikati lina shimo la kidole gumba, lile la kuchotea mchuzi. Kutoka majini hadi kwenye sahani palikuwa na nyayo za maji, za mtu, vidole vyote vikionekana. Za kurudi hazikuwapo.

"Ni mlinzi," Wakoli akasema. "Nitaandika malalamiko."

"Wakoli, twende nyumbani."

"Likizo yangu imeidhinishwa mpaka Jumapili."

Usiku huo hakuna kilichobisha wala kulia, na Nangila aliona heri kingebisha. Kulipopambazuka mbwa hakuwamo chumbani, na mlango, ambao Wakoli aliufunga kwa komeo, ulikuwa wazi. Wakoli akatoka na kandambili zake, akinung'unika. Nangila akasahau onyo la Wacera, akamfuata.

Mbwa alikuwa ameketi mahali maji yanapoanzia. Alikuwa amefumba macho akitetemeka, na manyoya ya mgongo wake yalikuwa yanalala, kuanzia kichwani hadi mkiani, yakiinuka na kulala tena, kama yanayopapaswa na kiganja cha mtu.

"Khaemba," Wakoli akaita, kwa sauti ndogo ambayo Nangila hakuwahi kuisikia, na mbwa asisogeze hata sikio, lakini matete yakafunguka, na ukungu uliokuwa umelala juu ya maji ukapasuka kama nguo, na ile harufu ya tope na busaa ikawafikia puani kabla ya sauti kuwafikia masikioni, sauti ya karibu, ya mtu mwenye maji mdomoni, isiyo na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya Nangila ashike tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Umeniita, mwana wa kaka. Kila siku umeniita. Nimekuja kula, nimekuta sahani yangu iko chini."

Wakoli hakupiga hatua, lakini maji yalikuwa yamefika vifundoni mwake, kisha magotini. Akajiangalia akizama kama anayesoma waraka asioupenda.

"Mimi ni afisa wa serikali," akanong'ona. "Kuna utaratibu."

"Upi?" sauti ikauliza, kwa dhati kabisa.

Maji yakafika kiunoni. Nangila akamkamata ukosi wa shati, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo na nyingine ambazo daktari alimkataza kutumia. Ndipo Wakoli akapiga kelele, huku akimnyooshea mkewe kidole tumboni: "Mtoto! Anazaliwa mtoto! Chukua huyo! Chukua huyo, mimi niache!"

Nangila akaachia ukosi.

Maji nayo yakamwachia. Wakoli akaanguka topeni kama gunia la mahindi mabichi, kandambili moja imebaki majini, na mbwa akafumbua macho.

Walikuwa garini, wamekwisha kupita Kibomet. Hapo cheo kikaanza kumrudia Wakoli.

"Ni jina tu nililoahidi."

"Ulisema chukua."

"Kwa mdomo, tena chini ya shinikizo. Hakuna shahidi."

"Nilikuwapo."

"Wewe una maslahi," Wakoli akasema.

Nangila alimtazama huyo mwanamume mwenye tope masikioni, na akagundua kwamba hata kumchukia kungekuwa kumpandisha cheo.

Wakoli alimbadilisha mbwa jina siku hiyohiyo, akawa Bosco. Mbwa hakuitika. Mtoto wa kiume alipozaliwa mjini Bungoma, baba yake hakungoja mtu. Alikwenda akamwandikisha Jeremy, akarudi na cheti chenye muhuri. Na tangu cheti kilipoingia nyumbani mtoto alilia. Alilia akikataa ziwa la mama, alilia mpaka sauti ikawa ya bawaba yenye kutu, mpaka utosi ukabonyea. Daktari akasema ni gesi tumboni. Nangila akatuma watu Kabuchai kwa mama mkwe.

Rispah alifika mchana wa jua kali, akampakata mjukuu, akaanza kumwitia majina ya wafu wa ukoo, kama wafanyavyo mtoto asipotulia, mpaka afike kwa yule anayetaka kukumbukwa.

"Makokha? Si wewe. Mukhisa? Si wewe, baba."

"Mtoto ana jina!" Wakoli akasema mlangoni, ameshika cheti. "Liko kwenye kompyuta!"

"Basi kompyuta imnyonyeshe," Rispah akajibu, akaendelea mpaka likabaki jina moja. Hakulitaja. Alimpa Nangila mtoto.

"Akiitwa kwa heshima anakuja kama mzee wa nyumba," akanong'ona. "Anamlinda mtoto."

"Na akija kama alivyoitwa kule majini?"

Mtoto alikuwa mwepesi mno mikononi, na kilio chake sasa kilikuwa pumzi tu. Nangila akaweka mdomo sikioni mwake.

"Khaemba," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Nje jua lilikuwa linapasua mawe, lakini kwenye ngazi za baraza pakasikika miguu iliyolowa ikipanda, bila haraka. Mbwa aliyelala kizingitini akainuka, mkia katikati ya miguu, akasogea kando kama anayempisha mwenye nyumba. Chumba kikanuka tope na busaa. Miguu ikafika kitandani alipoketi Nangila na mtoto, na haikusikika ikirudi.

Mtoto akafumbua macho. Hakumtazama mama yake, wala bibi yake. Alimtazama Wakoli, kwa utulivu na kwa muda mrefu, kama mtu aliyepanga foleni miaka mingi mbele ya dirisha lililofungwa, na sasa limefunguliwa, na karani ni yuleyule.