Binti wa Kinyozi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja kuingia, kinyozi alimnyoa binti yake. Alimtengea mashine yake peke yake. Mtoto alikuwa na madoa ya kahawia mwilini na vivimbe shingoni. Baba aliogopa vitaambukiza wateja.

Jumamosi moja mteja alifika mapema.

"Makubwa! Huyu mwenye manundu ni wa nani?"

"Wa jirani," kinyozi akajibu haraka.

Mtoto alishuka kitini, nusu ya kichwa haijanyolewa, akakimbilia nyumbani.

Mchana mama alimsubiri mumewe mlangoni. Jirani yao muuguzi alikuwa naye.

"Wa jirani? Wewe mwanaume, una akili kweli?"

"Wateja wakikimbia tutakula nini?"

"Tutakula hasira zangu! Zinatosha ukoo mzima!"

Mtoto akauliza taratibu, "Baba, mimi ni wa jirani yupi?"



"Shemeji," muuguzi akasema, naye amekasirika, "umemnyoa miaka yote. Mikono yako imeota nini?"

Kinyozi akaitazama. "Hakuna kitu."

"Basi! Dalili hizi zinafanana na ugonjwa uitwao neurofibromatosi. Mtu huzaliwa nao. Hauambukizi kwa mashine, taulo wala kwa kukumbatiana. Wengine huurithi kwa mzazi. Kwa wengine hakuna aliyewahi kuwa nao katika familia. Si laana, wala si kosa la mama."

"Unapona?" kinyozi akauliza.

"Hauondoki, lakini unaangaliwa. Daktari ampime macho, presha na mgongo kila mwaka. Kivimbe kikikua haraka au kikiuma, msingoje. Na kusoma kukimpa shida, mwalimu aelezwe. Si uvivu huo."

Walikwenda hospitali. Daktari alithibitisha, akawapangia siku za kurudi. Mwalimu naye alimhamishia mtoto dawati la mbele, akamwongezea muda wa kusoma. Mtoto akaanza kunyoosha mkono darasani.

Jumamosi iliyofuata, kinyozi alimnyoa saa sita, duka limejaa, kwa mashine ya wote. Yule mteja akaguna.

"Fundi, mtoto wa jirani tena?"

Kinyozi akazima mashine.

"Huyu ni binti yangu wa kumzaa. Nilimkana mbele yako kwa woga wangu. Ugonjwa wake hauambukizi, na simfichi tena. Sasa kaa usubiri zamu yako, au mlango ule pale."